Cheche Iliyochelewa

Nimekulia Mai Mahiu, chini ya Mlima Longonot, ambako kituo cha satelaiti kipo tangu 1970. Mama akichoma mahindi kando ya barabara, mimi nilikuwa nikiuliza ile sahani kubwa inatazama nini.

Nilipotoka chuoni nikaamua: nitajenga injini ya aina inayoisukuma satelaiti hadi kwenye njia yake angani. Hutumia vimiminika viwili, fueli na kioksidishaji, kila kimoja na tangi lake, vikutane ndani ya chemba tu. Vya satelaiti ni sumu kali na huwaka vikigusana. Hivyo sikuthubutu kuvigusa. Nilichukua ethanoli, na oksijeni ya mtungi, ileile ya mafundi wa kuchomelea, nikawasha kwa plagi ya pikipiki. Kimiminika kikawa kimoja tu, lakini nilitaka kuanza.

Kilichonila ni kisahani cha shaba cha kunyunyizia. Matundu 12, kila moja nusu milimita. Keekee zilinivunjikia humo hadi fundi wa kukereza vyuma, hapa Nakuru, aliponishika bega: "Kijana, usiisukume. Iache ile yenyewe." Siku tuliyojaribu kwa maji, vijito vikakutana na kuwa ukungu, nililia.

Kisha Jumamosi moja, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, cheche ilichelewa. Nilitoka nyuma ya mifuko ya mchanga nikaguse waya, kumbe ethanoli imeshajaa chemba. Iliwaka yote kwa mpigo. Mkono wa kulia uliungua hadi kwenye kiwiko. Bili ikamaliza akiba ya mama kwenye chama, na vidole viwili havijanyooka hadi leo. Miezi sita sikugusa chuma.

Nikiwa kitandani nilisoma habari za Intelsat 33e. Ilirushwa Agosti 2016, injini yake kuu ikashindwa. Wahandisi wakaisukuma kwa injini zake ndogo, kidogo kidogo, ikachelewa zaidi ya miezi mitatu, lakini ikafika kituoni juu ya Bahari ya Hindi. Niliisoma mara tatu.

Safari hii cheche ilitangulia, ethanoli ikafuata. Swichi niliibonyeza kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia mama alikuwa ameushika. Sekunde nne: moto mwembamba wa samawati, na mngurumo uliotimua vumbi la machimbo. Kimya kiliporudi, hakuuachia.