Salamu Hufungua Njia

Ndugu msomaji, hujambo? Habari za nyumbani? Habari za kazi?

Nimeanza kwa salamu. Ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu. Mtu akifika kwako akaanza kusema haja zake bila salamu, unaona hana adabu. Lakini salamu si adabu tu. Ni upendo. Mimi nilijifunza jambo hili kwa aibu.

Nilikuwa na jirani. Mashamba yetu yalipakana, na tulichota maji katika kisima kimoja. Mwaka mmoja mbuzi wake waliingia shambani kwangu, wakala mahindi machanga. Tuligombana vibaya. Tangu siku ile sikumsalimu. Tukikutana njiani, nilitazama pembeni kama mtu anayetafuta kitu majanini. Jumapili nilikwenda kanisani. Baada ya ibada niliwapa watu mkono, mmoja mmoja. Nikimfikia yeye, nilimruka.

Wakati huo nilikuwa nahudhuria darasa la kisomo. Jioni moja nilijaribu kusoma Biblia mwenyewe. Nilifungua Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 16. Sura hiyo ilikuwa ngumu kwangu, maana imejaa majina. Nilisoma polepole: A-ki-la. Ru-fo. A-sin-kri-to. Nikajiuliza, majina yote haya ni ya nini? Kisha nikaelewa. Zilikuwa salamu! Paulo alikuwa hajafika Roma bado, lakini aliwasalimu watu wa huko zaidi ya 20 kwa majina yao. Alimsalimu na mama yake Rufo, akasema kwamba kwake yeye pia ni mama. Hata Tertio, aliyeshika kalamu na kumwandikia Paulo waraka huo, alitia salamu zake.

Nilifunga kitabu. Paulo aliwasalimu watu waliokuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Mimi nilishindwa kumsalimu mtu ambaye akikohoa usiku nyumbani kwake, ninamsikia.

Kesho yake nilimkuta kisimani. Nikasema, "Hujambo, mwenzangu?" Hakujibu. Alijitwisha ndoo yake, akaenda zake. Niliona uchungu, nikatamani kuacha. Lakini siku ya pili nilimsalimu tena. Akajibu, "Sijambo," bila kunitazama. Siku ya tatu alitua ndoo chini. Akaniuliza, "Na watoto hawajambo?"

Nikasema, "Hawajambo. Na wako, je?"

Ndipo akalia. Aliniambia kwamba wiki mbili zilizopita mtoto wake mdogo alishikwa na homa kali usiku. Mume wake alikuwa safarini. Aliona taa ikiwaka nyumbani kwangu. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama. Lakini alishindwa kupiga hodi. Alisema, "Mtu asiyenipa salamu, nitamwombaje msaada?" Basi alimbeba mtoto mgongoni, akaenda zahanati peke yake, gizani. Namshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini je, kama angekufa?

Fikiri, msomaji. Sikumfukuza mlangoni kwangu. Usiku ule hata sikujua kwamba amekuja. Nilimnyima salamu tu. Kumbe nilikuwa nimefunga njia. Njia isiyopitwa na watu huota majani. Salamu ndiyo miguu inayoipita njia kila siku, ili siku ya shida iwe wazi.

Habari ya mbuzi tuliizungumza baadaye, tukaimaliza. Alijenga zizi, nami nilimsaidia kukata miti.

Yesu alifundisha kwamba kuwasalimu ndugu zetu peke yao si jambo kubwa. Hata watu wasiomjua Mungu hufanya hivyo. Basi tusichague watu. Msalimu mzee, hata kama ni maskini na nguo zake zimechanika. Mtoto akikuamkia, itikia kwa furaha. Msalimu jirani asiye wa dini yako. Msalimu na yule aliyekukosea.

Tena, usisalimu huku unakwenda mbio. Simama kidogo. Mtaje mtu kwa jina lake. Ngoja jibu lake, maana pengine atakuambia, "Sisi si wazima sana." Ukisikia hivyo, usiseme "pole" tu ukaenda zako. Yakobo anatuonya katika waraka wake kwamba maneno mazuri matupu hayamsaidii mtu mwenye njaa na asiye na nguo. Salamu hufungua njia. Ikiisha kufunguka, ni lazima upite na mkono wa msaada.

Sasa wewe unajua kusoma na kuandika. Je, kuna mtu unayemruka? Kama yuko karibu, msalimu kesho asubuhi. Asipojibu, msalimu tena kesho kutwa. Kama yuko mbali, chukua kalamu na karatasi, umwandikie. Wahenga walisema, barua ni nusu ya kuonana.

Nisalimie wote nyumbani.