"Bei?" Bila Hata Salamu

Nilipoacha chuo nilianza kuuza raba za mitumba kwa WhatsApp. Alfajiri niko Gikomba, jioni napiga picha, usiku simu imejaa neno moja: "Bei?" Hakuna sasa, hakuna niaje. Siku moja nimechoka nikamjibu mmoja, "Kwani salamu inalipishwa?" Akanyamaza. Kesho yake akatuma ujumbe wa sauti: "Pole mwanangu, kuandika kunanishinda, macho yamezeeka. Nilitaka za mtoto wa shule." Woi! Nilimpelekea mwenyewe hadi Kayole, na pesa ya usafiri sikuitisha. Siku hizi bei naiandika kwa picha. Na wewe muuzaji wa "njoo inbox" halafu unanyamaza siku mbili, hata wewe tunakuona.