Sindano Yake Utaipata Wapi?

Vijana wa hapa Shirimatunda, Moshi, wameanza kutafuta gramafoni. Wananijia jioni, wananiamkia, kisha wananionyesha picha kwenye simu: Dual ya Ujerumani, Garrard ya Uingereza, Technics ya Japani, zote zimetengenezwa wao hawajazaliwa. "Shikamoo babu. Hii ikoje?" Nafurahi kuulizwa. Kijana anayetaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe kutoka kwenye santuri yenyewe anastahili kusaidiwa na sisi tuliobaki. Ila nikimuuliza ni nani aliyemwambia kuwa mashine hiyo ni nzuri, karibu kila mara jibu ni lile lile: anayeiuza.

Sisi hatukuwa werevu kuliko wao. Tulikuwa na mtu wa kumuuliza, basi. Miaka ile fedha ya kahawa ilipotoka kupitia chama cha msingi na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwenye mji aliyekwisha kulipa ada na kununua bati aliweza kufikiria redio yenye gramafoni ndani yake, ile ya kabati la mbao. Hakwenda dukani peke yake. Alipita kwanza kwa fundi redio. Fundi hakuwa na mashine ya kuuza, lakini alijua ni zipi zinarudi mezani kwake kila mara na ni zipi hazirudi. Tena akikudanganya, Jumapili mtaonana kanisani, wiki ijayo mtaonana msibani. Uongo wake ungemfuata kokote. Hiyo ndiyo dhamana tuliyokuwa nayo, na ilitosha.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukakaa hivyo hadi 1983. Kwa watu wa Moshi, ambao Taveta ya Kenya ni jirani yao, yaliyoumia ni mengi na makubwa kuliko muziki. Lakini muziki nao uliumia, kwa kuwa santuri nyingi za bendi zetu zilitolewa Nairobi, na sindano nazo tulizoea kuzipata huko. Hapo ndipo ushauri mzuri ulipojulikana. Walioelekezwa kununua mashine ya sindano ya kawaida, iliyoenea madukani, waliendelea kusikiliza. Wenye mashine za fahari, sindano ilipolika, walibaki na kabati la kutandikia vitambaa. Tangu wakati huo swali langu la kwanza kwa yeyote ni hili: sindano yake utaipata wapi? Jina la kampuni na uzuri wa mbao tutayazungumza baadaye.

Swali la pili ni la umeme, nalo ndilo ninalompimia mshauri. Mashine kadhaa ninazoonyeshwa zimeletwa na ndugu walioko Marekani. Umeme wa kule ni volti 120, hezi 60. Wetu ni volti 230, hezi 50. Mwuzaji anasema, nunua transfoma, mambo yameisha. Amesema nusu. Transfoma inashusha volti, lakini hezi hazibadiliki, na mota nyingi za zamani zinakwenda kwa kufuata hezi. Mashine iliyotengenezwa kwa 60 ikichomekwa kwenye 50 inapoteza sehemu moja kati ya sita za mwendo wake. Santuri ya LP, ambayo yatakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, itazunguka chini kidogo ya 28. Mwimbaji unayemjua atakuwa mtu mwingine, sauti nzito, amechoka. Dawa ipo: baadhi ya mashine hubadilishwa puli ya mota, na nyingine zina mota isiyotegemea hezi kabisa. Anayekueleza haya kabla hujalipa, mshike sana. Anayeyajua akanyamaza ni dalali, hata akikuita mwanangu.

Yako na mengine. Mpira wa gurudumu linalozungusha sahani hukakamaa, mkanda hulegea, grisi ya zamani huganda. Na aliyerithi santuri za bibi, zile nzito za mizunguko 78, za aina aliyorekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, asizipige kwa sindano ya LP. Mfereji wa santuri hizo ni mpana zaidi, sindano nyembamba inazama na kukwaruza chini. Sindano nene ya 78 nayo inaiharibu LP. Zinatakiwa sindano mbili, na mashine yenye mwendo huo wa 78. Akwambiaye kuwa moja inatosha, muage.

Kaseti zilipokuja, santuri ziliachwa darini zikapinda kwa joto la bati. Hilo halinisumbui sana, kaseti ilikuwa rahisi na ilibebeka. Linaloniuma ni mafundi. Walizeeka bila wanafunzi, na walichokijua hakikuandikwa popote. Ndiyo maana mjukuu wangu leo analazimika kumuuliza mwuzaji. Kizazi chake nakisifu, hakiogopi kushika bisibisi, na jambo ambalo sisi tulilisubiri miezi wao wanalipata kwa siku moja. Lakini wanahesabu wasifuji, na wingi wa wasifuji si ushahidi. Mtu aliyekaa na mashine moja miaka kumi, akaibadilishia sindano na mkanda kwa mikono yake, neno lake moja lina uzito kuliko sifa za mia walioinunua juzi.

Mafundi wazee mliobaki Moshi, nawaomba: mchukueni kijana mmoja akae nanyi mezani, ashike, akosee, arudie. Nawe kijana, kabla hujatoa fedha, nenda na santuri yako unayoijua vizuri. Uisikilize upande mzima, kwenye mashine ile ile unayoitaka, ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa hapa. Mwuzaji akikataa, mwachie mashine yake, urudi nyumbani na fedha zako.