Pretty Yende na zile ngazi za New York

Wadau, habari za Pretty Yende nyingi nilizosoma zimeandikwa vilevile. Binti wa miaka 16 huko Afrika Kusini anaangalia televisheni, linapita tangazo la British Airways, anasikia wimbo, anauliza ni muziki gani huo, anaambiwa ni opera. Halafu paap! Yuko New York. Inanoga, nakubali. Lakini kati ya tangazo na New York kuna miaka kama 12, na huko ndiko iliko habari yenyewe.

Wimbo ule unatoka katika Lakmé, opera ya Delibes ya mwaka 1883. Pretty alizaliwa 1985 Piet Retief, mji mdogo wa Mpumalanga, akakulia kwenye nyimbo za kanisani, na mpango wake ulikuwa uhasibu. Badala yake akaenda kusoma muziki Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya mwalimu Virginia Davids. Mwaka 2009 akashinda mashindano ya Belvedere kule Vienna, akaingia chuo cha La Scala, Milano. Mwaka 2011 akashinda Operalia, Moscow.

Sasa miaka yote hiyo mtu anajifunza nini? Kwanza kabisa, pumzi. Opera haina kipaza sauti jamani. Soprano, ile tunayoiita sauti ya kwanza kwenye kwaya zetu, anatakiwa apenye katikati ya okestra nzima amfikie mtu wa kiti cha mwisho, tena kwa Kitaliano au Kifaransa, huku anaigiza. Sisi tuliozoea wasanii wa kupanda jukwaani na CD, hapo tunyamaze kidogo.

Januari 2013 Metropolitan Opera, ukumbi wa viti karibu 3,800, ikamwita kwa taarifa ya muda mfupi kuziba nafasi ya mwimbaji aliyejitoa kwenye Le Comte Ory ya Rossini. Alipoingia jukwaani tu, akajikwaa kwenye ngazi, akaanguka. Siku ya kwanza, mbele ya umati ule! Akainuka, akaimba, wakamshangilia.

Waandishi waliiandika sana ile ajali. Mimi nikipata dakika tano naye nitaanza na swali moja: ukianguka, kitu cha kwanza kukutoka ni pumzi, na wimbo wa kwanza wa yule mama mwenye kasri ni mrefu, wenye kupanda juu kwelikweli. Aliivuta wapi?