Mwaka Mmoja Kiwandani na Somo la Kifutio

Wakufunzi wenzetu wametuuliza mara kwa mara kwa nini katika maabara yetu ya kemia mwanachuo hakubaliwi kuingia na kifutio. Baadhi yao hudhani kuwa huo ni ukali usio na maana. Jibu la swali hilo si fupi, wala hatukulipata katika vitabu vya mbinu za kufundishia. Tulilipata katika kiwanda cha dawa, kabla hatujafikiria kuwa walimu. Kwa kuwa jarida hili ni uwanja wa walimu kupeana mang'amuzi ya kazi yao, tumeona yafaa tulieleze hapa, ingawa kulieleza kwatulazimu kukiri kosa ambalo tungependa lisahaulike.

Kuingia kiwandani

Kabla ya kusomea stashahada ya ualimu tulikuwa mwanafunzi wa ufundi sanifu wa maabara, na chuo kilitupeleka katika kiwanda kimoja cha dawa kwa mwaka mzima. Tulikwenda na alama nzuri na majivuno kiasi. Tulidhani tungekabidhiwa mizani siku ya kwanza. Badala yake, miezi miwili ya mwanzo ilipita tukiosha vyombo vya kioo, tukibandika lebo, na tukijifunza kuvaa. Naam, kuvaa: kuvua saa na pete, kunawa mikono hadi viwikoni, kufunika nywele zote, kubadili viatu katika mstari uliochorwa sakafuni. Mwanafunzi aliyehesabu moli bila kukosea alirudishwa mlangoni mara tatu kwa sababu ya unywele mmoja.

Mwezi wa tatu tulipelekwa kwenye chumba cha vidonge vya parasetamo vya miligramu 500. Hapo ndipo tulipoona kwa macho jambo ambalo shuleni tulilikariri tu. Unga wa dawa huchanganywa na wanga, hulowanishwa kwa uji wa wanga uo huo, hukaushwa, huchekechwa uwe chembechembe, kisha humiminwa katika faneli kubwa juu ya mashine. Chembe hujaza tundu la kalibu, na vyuma viwili, kimoja juu na kimoja chini, huzibana ziwe kidonge. Sasa, mashine haipimi uzito, inapima ujazo. Tundu likijaa, imeridhika. Chembe zikitengana katika faneli kwa mtikisiko, nyembamba upande huu na nene upande ule, tundu hujaa vile vile lakini uzito hubadilika. Hatukupata kumwona mwalimu akifundisha dhana ya densiti kwa mfano ulio bora kuliko huo.

Kwa hiyo kila nusu saa ilitupasa kuchukua vidonge 20, kupima kimoja kimoja, na kuandika. Kidonge kimoja chenye dawa na vichanganyio vyake kilitakiwa kuwa na miligramu 560, na nafasi ya asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 532 na 588. Kazi hiyo ilikuwa rahisi, nayo ilichosha mno.

Kosa la saa tisa

Tulikuwa zamu ya usiku. Vipimo sita mfululizo vilikuwa vimefanana, na wastani haukutoka katika 559, 560 na 561. Saa tisa ilipofika usingizi ulikuwa umetulemea. Tulitazama karatasi, tukatazama mizani iliyokuwa hatua nne mbali, tukaandika tarakimu 20 kutoka kichwani. Hata tulichanganya kidogo, 558 hapa na 563 pale, ili zionekane za kweli. Mwalimu aliyewahi kusahihisha madaftari ya maabara anaujua ufundi huo.

Saa tisa na nusu tulipima kwa haki. Kidonge cha kwanza kilikuwa na 524. Cha pili, 519. Tulimwita fundi, mashine ikasimamishwa, faneli ikafunguliwa, na chembe zikaonekana zimetengana. Kila mtu alitusifu kwa kuwa macho. Ndugu msomaji, ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli, na hatukusema.

Asubuhi mkuu wa maabara, mama mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, alituita. Alituuliza kama saa tisa tulipima. Tukajibu kuwa tulipima. Hakubishana nasi. Alichukua daftari dogo lililofungwa kwa kamba kando ya mizani, ambamo kila anayeitumia huweka saa na sahihi yake, akalifungua mbele yetu. Palikuwa na saa nane na nusu, kisha saa tisa na nusu. Kati yake palikuwa peupe.

"Mwanangu," alisema, "mashine ikikosea tunaitengeneza. Karatasi ikidanganya hatuna la kutengeneza, maana hatujui kama pana kosa."

Akatueleza hesabu yake. Kama kipimo cha saa tisa kingekuwa cha kweli, wangejua kosa lilianza kabla au baada ya saa hiyo. Sasa saa nzima ya kazi ilikuwa gizani. Vidonge vyote vya saa ile, makumi ya maelfu, vilitengwa na hatimaye kuteketezwa mbele ya macho yetu. Akatusimulia pia habari ya Marekani mwaka 1937, ambapo dawa ya maji ya salfanilamaidi iliyeyushwa katika daiethilini glaikoli bila kupimwa usalama wake, na watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwemo watoto. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa onyo kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu hiyo hiyo, tulimkumbuka mama yule.

Hakupeleka barua chuoni. Alitutaka tuandike kosa letu kwa mkono wetu, na karatasi hiyo ikaunganishwa na kumbukumbu za toleo lile la dawa. Tena, jambo lililotushangaza kuliko yote, usiku uliofuata alitupanga kwenye mashine ile ile na mizani ile ile. Tangu hapo hatukuhitaji kusimamiwa.

Katika kumbukumbu za kiwanda kile kosa halikufutwa. Mtu akikosea tarakimu alipiga mstari mmoja juu yake, ili isomeke bado, akaandika iliyo sahihi kando, sababu, tarehe na sahihi. Aliyekosea hivyo hakuulizwa neno. Aliyefuta aliulizwa.

Darasani

Miaka kadhaa baadaye tulikuwa mkufunzi, tukisimamia zoezi la kupima alikali kwa asidi. Wanachuo 40 walipewa sodiamu haidroksaidi iliyoandikwa 0.1 M na asidi haidrokloriki ya 0.1 M. Kila mmoja alivuta sentimita za ujazo 25 za alikali kwa pipeti na kuipima kwa asidi kutoka katika bureti. Yeyote anayejua hesabu hiyo aona kuwa jibu linalotazamiwa ni 25.0. Wanachuo 39 waliandika 25.0, au 24.9, au 25.1. Binti mmoja aliandika 23.4, 23.5 na 23.4, akakaa kimya akisubiri kukosolewa.

Tulikaribia kumkosoa. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Ndipo tulipoikumbuka nafasi nyeupe katika daftari la mizani, tukarudia kipimo wenyewe. Tukapata 23.4. Sodiamu haidroksaidi tuliyoitumia ilitoka katika kopo la zamani ambalo kifuniko chake hakikukaza, nayo hunyonya unyevu na hewa ya kaboni dayoksaidi. Tuliamini tumepima gramu 4 kwa kila lita. Sehemu ya gramu hizo haikuwa alikali tena. Nguvu yake halisi ilikuwa karibu 0.094 M. Mkufunzi ndiye aliyekosea, na wanachuo 39 walikuwa wamelificha kosa la mkufunzi wao kwa adabu kubwa.

Tuliwaeleza darasani yote mawili, kosa la kopo na kosa la saa tisa. Darasa lilikuwa kimya. Kisha mwanachuo mmoja aliuliza kwa upole, "Mwalimu, katika mtihani wa taifa ni nani atakayerudia kipimo changu?" Swali hilo lina uzito, na hatutalipuuza. Mwanafunzi mkweli mwenye kopo baya aweza kupoteza alama, na mwongo mwenye hesabu nzuri akazipata. Hatuna uwezo wa kuliondoa tatizo hilo peke yetu. Lakini wanachuo hawa watakuwa walimu, na kopo baya la kesho litakuwa mikononi mwao.

Mapendekezo

Kwanza, kumbukumbu za maabara ziandikwe kwa wino tangu mwanzo, na kosa lipigwe mstari mmoja. Mwanafunzi asipunguziwe alama kwa mstari huo.

Pili, katika mazoezi ya chuoni, ambako alama zi mikononi mwetu, nusu ya alama itolewe kwa kumbukumbu zenyewe, si kwa ukaribu wa jibu. Mkufunzi naye afiche nguvu halisi ya moja ya vimiminiko, ili jibu lisipatikane isipokuwa kwa kupima.

Tatu, pawe na kazi ambayo matokeo yake yanamfikia mtu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka elimu na kazi ziungane, lakini mara nyingi tumeitafsiri kazi kuwa ni jembe na ufagio tu. Kilichotufundisha kiwandani hakikuwa jasho. Ni kujua kwamba mtu tusiyemjua angemeza kile tulichokipima. Sisi sasa tunatengeneza sabuni ya jiko la chuo. Alikali ikizidi, mikono ya wapishi huwashwa, na wapishi husema. Hapana mwanachuo aliyepika tarakimu za sabuni mara mbili.

Nne, atakayekosea na kukiri arudishwe kwenye mizani ile ile. Adhabu hiyo ni nzito kuliko viboko, na ndiyo pekee tuijuayo inayomwacha mtu akiwa mwaminifu zaidi kuliko alivyokuwa.

Binti wa 23.4 sasa anafundisha katika shule ya sekondari. Alipotutembelea likizo iliyopita tulimwuliza habari za maabara yake. Alisema vyombo ni vichache na bureti mbili zinavuja. Kisha akaongeza kuwa wanafunzi wake huandika pia kwamba zinavuja.