Bahari Niliyoiandika na Bahari Niliyoiona

Msomaji mpenzi, kabla sijaanza, wacha niungame. Nilipokuwa kidato cha pili niliandika insha juu ya bahari nikapata alama 17 kwa 20. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Humo nilisema maji yalikuwa ya samawati yakimetameta kama kioo, mchanga mweupe pepepe kama unga wa sembe, na upepo mwanana ukinipapasa mashavuni. Bahari yenyewe sikuwa nimeiona hata siku moja! Maji makubwa niliyoyajua ni mto Kipsonoi. Yale mengine niliyachota kwenye kalenda iliyotundikwa dukani.

Basi chama chetu cha Kiswahili kilipotangaza ziara ya Malindi wakati wa likizo ya Desemba, nilijua siku yangu imefika. Taabu ilikuwa karo ya safari: shilingi elfu sita. Nyumbani bonasi ya chai ilikuwa imeingia mwezi wa Oktoba, na kila mtu alijua kazi yake. Ilikuwa ya mabati ya jikoni. Nanyi mnaijua mvua ya kwetu, haibishi hodi. Karibu kila alasiri inashuka, na jikoni mwa mama ilikuwa inashukia pale pale penye mafiga.

Mama alifikiri siku tatu. Siku ya nne, akifunga kikapu chake kwenda kuchuma, akaniambia, "Enda uione hiyo bahari uliyoiandika. Mabati yatangoja."

Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa kando ya moto. Akatoa chupa tupu ya soda, akanipa. "Uniletee ya kuonja. Nimesikia ati ni chumvi. Nataka kujua kama ni kweli au watu wanatudanganya tu."

Ya njiani sitayasimulia sana, kwani kutoka Kericho hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 800 na nyingi nilizipitia usingizini. Tulilala Mombasa. Asubuhi tukapita Vipingo penye mikonge isiyokwisha, tukavuka Kilifi, na jua likiwa utosini tukashuka Malindi. Joto lile, jamani! Mmewahi kuingiza mkono ndani ya gunia la majani mabichi yaliyoshindiliwa tangu asubuhi? Hivyo ndivyo ilivyokuwa ndani ya shati langu.

Tulianzia kwenye mnara wa Vasco da Gama. Uko juu ya mwamba ulioingia baharini, mweupe, na juu yake pana msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Mreno huyu alitoka upande wa pili kabisa wa Afrika, bahari ya Atlantiki, akaizunguka ncha ya kusini na kufika Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Mombasa hakukukalika. Malindi, waliokuwa washindani wa Mombasa, wakampokea kwa mikono miwili. Mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na kabla ya Mei kwisha walikuwa wamefika Calicut.

Usidhani Malindi ilianza kujulikana siku ile. Mnamo 1415 twiga kutoka Malindi alikuwa amekwisha kufikishwa China kwa mfalme wao, miaka zaidi ya 80 kabla ya Mreno kutia nanga. Twiga! Mimi nilitapika ndani ya basi kutoka Kericho, sijui yeye alivumilia vipi merikebuni.

Lakini lililonikaa rohoni ni la yule rubani. Mgeni aliyekaa siku chache tu ana mnara. Aliyeijua njia hana hata kokoto. Jina lake lenyewe linabishaniwa: wengi wamezoea kusema alikuwa Ahmad ibn Majid, Mwarabu, na wengine wanashikilia alikuwa mtu wa Gujarat. Na mnara wenyewe bahari inaula mwamba wake kwa chini, hata imebidi ujengewe kinga.

Kisha tukateremka ufuoni. Moyo ulinidunda. Nikafunga macho makusudi ili nikiyafungua niione yote kwa mara moja.

Nikayafungua. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Sikutia chumvi, msomaji. Chai ya maziwa kabisa, yenye majani mengi. Mchanga ulikuwa wa kijivujivu, na juu yake magogo na magugu yametapakaa. Mmoja wetu akapaza sauti, "Wamesikia watu wa Kericho wanakuja, wakatupikia!" Wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nayaona mabati ya mama, karatasi moja moja, yakizama mle.

Palikuwa na mzee akitengeneza wavu kivulini mwa mashua. Tukamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmenuna?"

Nikamwuliza bahari imepatwa na nini. Akacheka. "Huu ni mto Sabaki, mwanangu, unamwagika hapo juu, kaskazini ya mji. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto hushuka na udongo. Na pepo za kaskazi ndizo hizi, zinausukuma wote huku kwetu. Ngoja kusi ianze kuvuma, udongo utaelekea Mambrui, na hapa maji yatatakata. Nyinyi mmekuja na kaskazi." Akatuonyesha kwa kidole ukuta ulioko mbali na maji. "Nilipokuwa mdogo, maji yakijaa yalikuwa yanafika karibu na pale. Udongo umetusukumia bahari mbali. Mwatoka wapi?"

"Kericho na Bomet."

"Ahaa! Basi ni udongo wenu huu!"

Hapo nikajitetea kama wakili. Nikamweleza kuwa Kipsonoi huingia Sondu, na Sondu huingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa huenda Misri kwa mto Nile. Sabaki ni ule ule Athi unaotoka upande wa Nairobi na kupita Ukambani. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Kwa hivyo udongo wenu unawachafua Wamisri." Mwalimu wa jiografia akaingilia akasema hauvuki ziwa, unatua humo humo. Sikuona kama jibu hilo lilitusaidia sana.

Tuliruhusiwa kuingia hadi magotini. Mimi, bingwa wa Kipsonoi, nikapita magoti. Maji yalikuwa yanapwa, na katika rangi ile huoni hata unyayo wako. Mara nikakanyaga pasipo na chini. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimekunywa bahari kwa mdomo na pua, na maji yananivuta kwenda nje. Mtoni hata ukielemewa unauona ukingo wa pili. Kule sikuona ukingo wowote. Mguu ulipogusa mchanga tena nilitoka mbio, nikakaa karibu na mzee, kimya. Hakunikemea. Alisema tu, "Ungeniuliza kwanza maji yanaenda wapi."

Jioni nikatoa chupa ya Kogo. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Jaza ya bomba, tia chumvi ya jikoni. Ajuza atajuaje?" Nakiri nilikwenda hadi kwenye bomba. Nikafungua kizibo. Kisha nikakumbuka alama 17, nikarudi ufuoni nikachota ile ile chai.

Nilifika nyumbani mvua ikinyesha. Jikoni palikuwa na sufuria mbili zikikinga matone. Nikaitoa chupa begani, na mimi mwenyewe nikashangaa: matope yalikuwa yametuama yote chini, unene wa vidole viwili, na juu yake maji maangavu. Kogo akachovya kidole, akaramba, akatema motoni. "Kumbe kweli!" Alicheka mpaka akafuta machozi.

Niliwasimulia yote, hata kunywa maji. Mama alisikiliza bila neno. Kisha akaichukua chupa, akaiinua mbele ya moto, akautazama ule udongo kwa muda mrefu.

"Ni mzuri," akasema. "Ni wa shamba la nani?"