Mfungaji au mzuiaji? Ubishi wetu huku Houston

Najua nimeadimika, msinilaumu, ni maboksi tu. Sisi wazima, joto la Houston ndio hilo hilo.

Leo ni mpira wa kikapu, maana humu ndani pamechafuka. Tunakaa watatu: mimi, jamaa wa Tanga na Mkongo mmoja wa Bukavu. Kila Jumapili ubishi ni ule ule, nani hasa anaifanya timu ishinde? Jamaa wa Tanga hataki mjadala. Kwake yeye mchezaji ni anayefunga, wengine wasindikizaji.

Juzi Mkongo akamtupia Houston Rockets ya mwaka 2008. Walishinda mechi 22 mfululizo, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Machi. Walipofika ya 12, Yao Ming akaumia mguu, msimu wake ukaishia hapo. Huyo alikuwa anafunga zaidi ya pointi 20 kwa mechi! Watu wakasema basi tena. Akaingia Dikembe Mutombo wa Kinshasa, mzee wa miaka 41, ambaye wastani wake msimu ule ulikuwa pointi 3 tu. Wakashinda 10 nyingine. Hapo Mkongo akapanda juu ya kochi na kutikisa kile kidole. (Mutombo ametutoka mwaka 2024, lakini kidole chake bado kiko sebuleni kwetu.)

Mimi wangu ni Shane Battier, timu ile ile. Ukisoma karatasi ya takwimu humwoni kabisa. Kazi yake ilikuwa kumsukuma mtu kama Kobe Bryant arushe kutoka mahali asipopapenda, huku kamwekea kiganja mbele ya macho bila kumgusa. Mwaka 2009 Michael Lewis alimwandikia makala ndefu kwenye New York Times, akaeleza Rockets walikuwa wanapima nini: mtu huyu akiwa uwanjani, timu inaongeza au inapunguza? Akiingia mnaongoza kwa 4, akitoka mnaongoza kwa 10, basi anaandikiwa 6. Hata kama hakufunga kitu.

Jamaa wa Tanga naye ana lake. Bila Tracy McGrady kuvuta mabeki wawili, hao wazuiaji wangekula wapi? Tena Rockets wale wale wakatolewa na Utah raundi ya kwanza. Na kipimo chenyewe kina udanganyifu, ukicheza na wenzako wazuri unapanda nao bure. Ndio maana zinatakiwa mechi nyingi.

Sasa kwa nini nawachosha na haya. Mdogo wetu wa mwisho ameniandikia anataka kuacha kikapu. Kocha anamweka benchi kwa sababu hafungi, na mama anaona ndio nafuu, asome. Asome, sikatai! Lakini nilipokuja likizo nilimwangalia yule mtoto. Mpinzani akimpita mtu, yeye keshafika pale, kasimama.

Mama, shikamoo, naomba usimkataze kwanza. Na wewe binamu unayekwendaga uwanjani, chukua daftari. Mechi kumi, hata kama anapewa dakika tano tano. Andika matokeo akiingia, andika akitoka, halafu unitumie. Hesabu ikija chini ya sifuri nitanyamaza, na zile raba namba 46 nilizomnunulia mtampa mwingine.